Korodani moja haijashuka, nisubiri hadi lini?

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu wa tatu ana miezi 14, ni njiti wa miezi minane. Tangu azaliwe, mfuko wake upande wa kulia umesinyaa, hauna kitu. Mama mkwe ananiambia nitulie, eti hata baba yake ilishuka alipoanza shule. Kila jioni anamkanda kinena kwa maji ya moto. Nisubiri hadi lini? – Mama wa watatu, Morogoro

JIBU: Marahaba, mama. Muda wa kusubiri umekwisha.

Korodani huanzia tumboni, jirani na figo, na huingia mfukoni miezi ya mwisho ya mimba. Ndiyo maana njiti wengi huzaliwa ikiwa bado njiani. Nyingi hujishukia zenyewe mapema. Njiti tunamhesabia miezi kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, kwa hiyo wako tumpe 13. Ikipita 6 bila kushuka, ni nadra ishuke tena. Upasuaji unatakiwa kati ya miezi 6 na 18. Umebakiwa na mitano, na foleni za hospitali za rufaa unazijua.

Mkwe wako huenda hadanganyi. Ziko korodani zinazopanda na kushuka: mtoto akipata baridi, au nesi akimshika na mikono ya baridi, zinajificha. Hizo hazipasuliwi, huangaliwa kila mwaka. Jaribu hivi: mwogeshe maji vuguvugu, mkalishe amekunja miguu, pasha mikono yako, kisha papasa taratibu. Ila mfuko uliosinyaa tangu kuzaliwa unanitia shaka.

Huko kukanda kuacheni leo, mtamuunguza bure. Tena joto ndilo adui mwenyewe: mfuko uko nje ili korodani ikae kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili. Ikibaki juu, uwezo wa kutoa mbegu hupungua na hatari ya saratani ukubwani huongezeka. Mara nyingi ngiri nayo huwa papo hapo.

Usikimbilie kulipia ultrasaundi. Vidole vya bingwa wa upasuaji wa watoto ndivyo vinavyoamua, na asipoipapasa atachungulia tumboni kwa kamera ndogo. Mtoto hulazwa usingizi, hukatwa kidogo kinenani, korodani ikateremshwa na kushonewa mahali pake. Wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Beba kadi ya kliniki, ukaombe rufaa wiki hii. Na mama mkwe nenda naye. Akionyeshwa na bingwa ataelewa kuliko akisomewa barua yangu.