Chupa haina jina, imeandikwa X tu

Haya wakuu, wiki hii maswali karibu yote ni ya ile practical ya kemia ya oganiki, unapewa chupa imeandikwa X halafu unaambiwa sema ni nini. Nimechukua manne.

*Ticha, niliweka maji ya bromini kwenye sampuli, rangi ikapotea, nikaandika alkeni (ile yenye kifungo maradufu cha kaboni), nikapigwa mkasi. Kosa langu liko wapi?*

Rangi ilipopotea ulifurahi ukaacha kuangalia, si ndio? Alkeni inaacha maji matupu kabisa, unaona kidole chako upande wa pili wa testi tyubu. Sasa kama palikuwa na unga mweupe umeganda humo basi ulikuwa na fenoli, maana nayo inakula bromini. Ungedondosha feri kloraidi kwenye sampuli mpya, ikigeuka zambarau hiyo ni fenoli. Pamanganeti ndo usiitegemee peke yake kabisa, alkeni inaiondoa rangi, alkoholi inaiondoa, aldehaidi inaiondoa, yani kila mtu anapita hapo.

*Kioo cha fedha, kile kipimo cha kutofautisha aldehaidi na ketoni, hakinitokei hata siku moja, napata matope meusi tu.*

Tyubu yako chafu! Tisa kwa kumi ni hiyo. Isafishe na sodiamu haidroksaidi ya moto, suuza na maji ya distili, ndo uanze. Silva naitreti kidogo, tone la haidroksaidi, itatoka rangi ya kahawia, halafu unaongeza amonia tone kwa tone mpaka ile kahawia iishe na hapohapo unaacha, ukizidisha umeharibu. Tia sampuli matone mawili matatu, simamisha kwenye bika ya maji ya moto (siyo juu ya moto wenyewe jamani) na usitikise, wengi wanatikisa kama dawa ya kikohozi ndo maana fedha haishiki kioo. Ikiwa ni aldehaidi utajiona uso mle ndani, ketoni haifanyi kitu. Ukimaliza mwaga siku hiyohiyo na maji mengi, ile dawa ikilala inatengeneza kitu kinacholipuka, sitanii.

*Mzee wetu mtaani anasema gongo ikiwaka bluu ni salama. Kweli?*

Hapana, na hili naomba mlisambaze. Ethanoli inawaka bluu, methanoli nayo inawaka bluu, tena hafifu kiasi kwamba mchana unaweza usiione kabisa. Kuna mtu atasema tutumie iodini: unaweka iodini na haidroksaidi, unapasha kidogo, unatoka unga wa njano unaonukia kama chumba cha kufungia vidonda. Ethanoli inatoa huo unga, methanoli haitoi, sawa, lakini gongo ina ethanoli tayari kwa hiyo njano itatoka tu hata kama methanoli imejaa humo. Hicho kipimo kinakwambia ethanoli ipo, hakikwambii methanoli haipo. Ya kuitenganisha vizuri ni mashine ya kromatografia, siyo kiberiti cha mzee. Methanoli mwilini inageuka kuwa asidi ya fomiki, inashambulia mshipa wa fahamu wa macho, mtu anaweza kulala anaona akaamka haoni. Mtu amekunywa anasema anaona ukungu, hospitali saa hiyohiyo, msisubiri asubuhi.

*Kipimo cha Lukasi, kile cha kujua aina ya alkoholi kwa zinki kloraidi na asidi ya haidrokloriki, tunasubiri dakika ngapi?*

Alkoholi ya tashiari (kaboni yenye OH imeshikana na kaboni tatu) inachafuka papo hapo kama maji ya mchele, sekondari (kaboni mbili) inakuvuta kama dakika tano hivi, praimari (kaboni moja) utakaa hapo bila kupasha na hutaona kitu. Ila hakikisha kwanza sampuli inayeyuka kwenye ile dawa, kama ni alkoholi ya kaboni nyingi itaelea yenyewe toka mwanzo na utadhani umepata tashiari, hapo ndo wengi wanaliwa maksi.