Jibu: Stockfish nzito kwenye RAM ya GB 8

Ndugu, umeuliza kwa nini Stockfish, injini ya sataranji, imekuwa nzito tangu uipe Hash (jedwali kwenye RAM la kuhifadhi hali za mchezo ilizokwisha kuchambua) ya MB 6144 kwenye kompyuta yenye RAM ya GB 8. Tatizo ni hiyo 6144. Mfumo endeshi na kivinjari navyo vinataka nafasi. RAM ikijaa, data inahamishiwa kwenye diski na kasi inaporomoka. Weka 2048. Kwa michezo ya haraka hata 256 inatosha kabisa.

Ukichambua kwa muda mrefu, tazama kipimo cha hashfull, kinachoonyesha jedwali hilo limejaa kiasi gani. Kinahesabiwa kwa sehemu za elfu moja, hivyo kikikaribia 1000 mapema, jedwali limejaa: ongeza Hash kidogo kidogo. Na tafadhali usiwashe injini mbili kwa pamoja bila kupiga hesabu, kila moja inachukua Hash yake.