Je, embe linaweza kushika nafasi ya mchicha?

SWALI: Asalam aleikum. Mwanangu ana miaka 6 na mchicha hautii kinywani hata uungwe vipi, lakini msimu wa maembe ukiingia hula ngowe asubuhi na jioni. Mavyaa ananiambia niache kumsumbua, kwani vitamini zote za mboga zimo ndani ya embe. Je, ni kweli?
Mama wa Kisauni, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam, dada. Kwa upande wa vitamini, mavyaa wako hakukosea sana. Gramu 100 za embe bivu zina takriban miligramu 36 za vitamini C, ilhali mtoto wa umri huo, kwa viwango vya Marekani, anahitaji miligramu 25 kwa siku. Manjano yale yaliyokoza ndani ya ngowe ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na karotini ya tunda bivu hufyonzwa kwa wepesi kuliko ya majani.

Kwenye madini, embe huachwa mbali. Kiasi hicho hicho kina chini ya miligramu 0.2 za madini ya chuma na miligramu 11 tu za kalsiamu, lakini gramu 100 za mchicha uliopikwa zina zaidi ya miligramu 2 za chuma na takriban 200 za kalsiamu. Mwanao anahitaji miligramu 10 za chuma kila siku; kwa embe pekee ingembidi ale kilo 6 hivi, zenye sukari zaidi ya gramu 800, jambo ambalo hakuna mzazi angeliruhusu.

Mchicha nao una upungufu wake. Chuma cha majani hakifyonzwi vizuri kama cha nyama au samaki, na oksaleti, kemikali ya asili iliyomo ndani ya majani hayo, huishika kalsiamu hata sehemu kubwa ikapita tumboni bila faida. Kwa kalsiamu, sukuma wiki ni bora zaidi. Ndiyo maana nakusihi usiwashindanishe wawili hawa bali uwaandalie sinia moja, kwa kuwa vitamini C ya embe husaidia chuma cha mboga kufyonzwa, mradi viliwe katika mlo mmoja. Chai ya rangi isifuatie mlo huo, kwani huzuia chuma.

Osha majani kabla ya kuyakata, yakate membamba, yapike kwa maji machache usiyoyamwaga, kisha malizia kwa tui zito, maana karotini huhitaji mafuta. Mtoto anayeukataa mchicha ukiwa peke yake huenda akaukubali ukichanganywa na kunde za nazi, ambazo nazo zina chuma, pembeni pakiwa na kachumbari ya embe bichi yenye chumvi kidogo. Anza na kijiko kimoja, wala usimlazimishe kwa fimbo. Ladha huzoeleka polepole.

Ukiona viganja na ndani ya kope vimepauka, anachoka upesi mchezoni, au anakula udongo, mpeleke kituo cha afya apimwe damu, kwa sababu malaria na minyoo pia hupunguza damu, na hayo hayatibiwi kwa mboga wala kwa tunda.