Usiifute picha ya bibi

Pole dada. Nimekuelewa: umepiga picha za kipaimara cha mdogo wako hapo Moshi, ile ya bibi akicheka imetikisika, na sasa unataka kuifuta. Nakuomba usiifute.

Mimi napiga picha za sherehe Arusha. Niliwahi kufuta picha ya babu mmoja akipokea kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, kisa mkono wake ulitoka na ukungu. Povu lilikuwa limemganda kwenye masharubu, amefumba macho kwa raha. Alipofariki, familia waliulizia picha hiyo hiyo. Mpaka leo inaniuma.

Ziache picha wiki nzima, kisha zitazame upya. Jicho lako linakwenda wapi kwanza? Likienda kwenye kicheko cha bibi, tosha. Picha alizopiga Robert Capa, mpiga picha wa vita, ufukweni Normandy, Ufaransa, wanajeshi wakitua Juni 6, 1944, zimetikisika, na watu bado wanazitazama. Jaribu pia kuigeuza hiyo ya bibi iwe nyeusi na nyeupe. Chembechembe, vile vidoa vidogo vya picha ya mwanga hafifu, hukaa vizuri humo.

Ila zikitikisika karibu zote, hapo rekebisha mkono wako. Ukumbini watu wakicheza, anzia kasi ya shata ya 1/250 ya sekunde na upandishe ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hata chembechembe zikiongezeka. Na kwa mteja aliyelipa, tanguliza zilizo safi, iliyotikisika iwe nyongeza.

Kama umeshaifuta, usipige tena hata picha moja kwenye kadi hiyo. Itoe, umpelekee fundi anayerejesha mafaili.