Maana ya "once in a blue moon"
Ndugu, nahau ya Kiingereza uliyoiulizia, "once in a blue moon" (neno kwa neno, "mara moja katika mwezi wa buluu"), ina maana ya kwa nadra sana, kwa hiyo mtu anayesema humtembelea shangazi yake hivyo hazungumzii rangi ya mwezi hata kidogo. Wapenzi wa elimu ya nyota huliita "blue moon" pia tukio la mwezi mpevu wa pili ndani ya mwezi mmoja wa kalenda, ambalo hutokea takriban kila baada ya miaka miwili na nusu, ingawa matumizi hayo yalianzia katika jarida la Marekani mwaka 1946, na nahau yenyewe ni ya zamani zaidi. Mwezi wa buluu halisi uliwahi kuonekana pia, baada ya volkano ya Krakatoa kulipuka mwaka 1883 na vumbi lake kutanda angani.