Maswali ya Wasomaji: Mfupi Uwanjani

SWALI: Mhariri, binti yangu hucheza tenisi Lugogo, na kocha mmoja amemwambia kwamba kwa kimo chake hatafika mbali. Nimesikia kwamba kuna Mslovakia mfupi aliyewahi kuwashinda mabingwa. Ni nani? – Mama, Kampala.

JIBU: Shikamoo mama. Bila shaka ni Dominika Cibulková, mzaliwa wa Bratislava mwaka 1989, ambaye kimo chake ni mita 1.61 tu. Mwaka 2014, katika mashindano ya wazi ya Australia, alimtoa Maria Sharapova, mwenye mita 1.88, kisha Simona Halep na Agnieszka Radwańska, akawa mwanamke wa kwanza wa Slovakia kucheza fainali ya mchezaji mmoja mmoja ya Grand Slam, yaani mashindano manne makubwa zaidi ya tenisi, ingawa Li Na alimshinda.

Kwangu mimi, kilele chake ni Singapore mwaka 2016, katika mashindano ya kufunga msimu: alipoteza mechi mbili za kwanza za kundi, akaponea chupuchupu, kisha katika fainali akamshinda Angelique Kerber, namba moja wa dunia, kwa seti 6-3 na 6-4, na mpira wa mwisho uligusa utepe wa wavu ukadondokea upande wa pili. Machi 2017 alishika nafasi ya 4 duniani; alistaafu mwaka 2019 akiwa na mataji 8.

Silaha zake zilikuwa miguu myepesi na pigo kali la mkono wa kulia. Huyo kocha aulizwe kwanza kuhusu miguu ya binti.