Nyumba bila ardhi? Uliza kabla ya arubuni
Dadangu, umesema umeweka akiba miaka 6 na sasa umepata nyumba ya vyumba vitatu Kisauni, bei ya kutupa. Hiyo bei ndiyo yanitia shaka. Yauzwa na ardhi yake, au ni nyumba bila ardhi? Hapa Mombasa ni jambo la tangu zamani: wanunua kuta na mabati, kiwanja chabaki cha mwenye ardhi, nawe wamlipa kodi ya ardhi. Sikukatazi, wengi wamezeekea humo, ila usitegemee benki kuikubali iwe dhamana ya mkopo.

Kama ina hati, wakili wako (si wa muuzaji!) aipekue ofisi ya ardhi na adai risiti za reti, yaani ada ya ardhi inayolipwa kaunti. Kando ya bei, tenga ushuru wa stempu, ile kodi ya serikali ya kuhamisha umiliki; mjini ni asilimia 4 ya thamani.

Halafu nenda jioni ufungue bomba. Mimi nilivutiwa na tangi juu ya paa, kumbe tupu, na maji ya kisima ni chumvi mpaka sabuni haitoi povu. Sasa kila asubuhi namngoja wa mkokoteni na mitungi yake.